Mikwaju inayokuangusha iko jirani na shimo

Pita kwenye uwanja wa mazoezi wa gofu jioni yoyote. Watu wamejipanga mstari na fimbo ndefu, kila mmoja anataka mpira wake ufike mbali kuliko wa jirani. Kwenye grini ya kuputia, eneo la nyasi fupi sana lenye shimo, hakuna mtu. Mimi huwa naelekea huko moja kwa moja, na sababu yangu ni hesabu tu. Uwanja wa kawaida wa mashimo 18 humtarajia mchezaji hodari aumalize kwa mikwaju 72, na ndani yake kila shimo limehesabiwa maputi mawili, yaani mikwaju ya kuuviringisha mpira kwenye grini hadi shimoni. Hiyo ni mikwaju 36, nusu kamili. Fimbo ndefu hata uitumie kila inaporuhusu, itatoka kwenye mfuko mara 14 hivi.

Kwenye kuputi, wengi huchuchumaa na kuumiza macho wakitafuta mstari, wakati tatizo lao ni nguvu. Ukiwa mita 10 na mstari ukakosea kidogo, bado utabaki karibu na shimo. Ukikosea nguvu, unabaki na mita mbili au tatu za jasho, na maputi matatu huanzia hapo. Zoezi ninalolipenda halina gharama: piga, ila fumba macho kabla mpira haujaondoka kwenye fimbo, halafu sema kwa sauti "fupi" au "ndefu" kabla ya kufumbua. Mwanzoni utajishangaa kwa jinsi unavyobahatisha. Baada ya majuma machache mikono inaanza kukwambia ukweli wenyewe, na ndiyo hisia unayoitafuta.

Shimo lina upana wa milimita 108, mpira unakaribia 43. Mpira unaokwenda mbio lazima uingie katikati kabisa, la sivyo unalamba ukingo na kutoka. Unaofika umechoka unaweza kuingilia hata pembeni. Kwa hiyo lenga upite shimo kwa hatua moja fupi, usizidishe.

Mkwaju mfupi wa kuingiza mpira kwenye grini nao una siri yake: chagua mahali utakapotua, usilitazame shimo. Weka taulo dogo hatua mbili ndani ya grini, kisha piga mipira iangukie juu yake. Miguu iwe karibu, uzito uegemee mguu wa mbele, mikono itangulie kidogo mbele ya mpira, na viganja visichezecheze. Anayejaribu kuuchota mpira ili upae ndiye anayeupiga utosini ukakimbilia upande wa pili wa grini. Ulalo wa uso wa fimbo utaupaisha wenyewe.

Hapa nyasi zina neno lake. Ukitoka pwani kwenda kucheza Nairobi utakutana na kikuyu, nyasi nene zenye kung'ang'ania, zinazoshika shingo ya fimbo na kuipindua. Kaza mshiko kidogo, tumia weji, ile fimbo fupi yenye uso uliolala sana, na usikatishe mkwaju njiani. Huku kwetu, mahali ambapo nyasi ni fupi na ardhi ngumu, weji inaweza kudunda chini na kuupiga mpira tumboni. Chukua fimbo namba 8, upige kama unaputi, mpira utambae. Si mkwaju wa kupendeza machoni, lakini kadi ya kuandikia mikwaju haina sehemu ya kuandika urembo.

Kuhusu upepo nitasema machache. Viwanja vya karibu na bahari, kama Gymkhana ya Dar es Salaam, vinalijua kusi vizuri. Likikupiga usoni, silika inakwambia uongeze nguvu. Nguvu huongeza mzunguko wa mpira, mpira unapanda juu, unasimama hewani na kudondoka karibu. Chukua fimbo ndefu zaidi kwa namba moja au mbili, shika chini kidogo kwenye mpini, piga taratibu.

Mpira unaopinda kwenda kulia, kwa anayetumia mkono wa kulia, ndio ugonjwa wa wengi. Kabla mwalimu hajakubadilishia swingi yote, yaani namna unavyoizungusha fimbo, tazama mshiko. Ukiangalia chini uone vifundo viwili vya mkono wa kushoto. Ukiona kimoja au hamna, uso wa fimbo huenda unafika kwenye mpira ukiwa wazi, na hapo hata mabega yawe mazuri namna gani mpira utapinda tu.

Ukiwa na saa moja ya mazoezi, dakika 40 zimalizie kwenye grini na pembeni yake, zinazobaki ndizo za fimbo ndefu. Kwenye kadi, ongeza safu ya maputi ya kila shimo, uone yalipokwenda. Na kedi wako, anayekubebea mfuko, mwite mapema kabla ya mzunguko, mtembee naye kwenye grini ya mazoezi, umuulize mpira unavyoteleza leo. Grini za asubuhi zenye umande si zile za saa nane mchana, na yeye huzikanyaga kila siku.