Mguu Unaponata Kizingitini: Kwa Wanagenzi wa Tiba ya Viungo Lamu

Utakapoanza kazi hapa Amu, yaani Lamu, mgonjwa wako wa kwanza wa Parkinson huenda akaletwa na faili lililoandikwa "udhaifu wa miguu". Mlaze, umwambie asukume mkono wako kwa wayo, na mara nyingi utakuta msuli una nguvu za kutosha. Kisha mwambie mtu huyo huyo aelekee mlangoni. Ataburura nyayo, mkono mmoja haupungi, mgongo umeinama, na akifika kizingitini atasimama ghafla, vidole vikitetemeka ndani ya ndara, asiweze kuinua mguu. Huko ndiko tunakokuita kunata. Shika hili kabla ya mengine yote: tatizo haliko mguuni.

Kilichopungua ni dopamini, kemikali inayotengenezwa na seli zilizo ndani kabisa ya ubongo. Kwa sababu ya dopamini mimi na wewe tunatembea huku tunazungumza, bila kuifikiria hata hatua moja. James Parkinson, daktari wa London, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1817, na tayari alikuwa ameona jinsi mgonjwa anavyoinama mbele na hatua zake zinavyogeuka kuwa mbio asizozitaka. Kinachopotea ni ule mwendo unaokwenda wenyewe. Kutembea kwa kukusudia, kwa kufuata kitu unachokiona au unachokisikia, mara nyingi bado kupo. Kazi yetu yote imesimama juu ya tofauti hiyo, na ukiielewa vizuri hutampotezea mgonjwa wiki nzima kwa kumwinulisha vyuma. Mazoezi ya nguvu yana nafasi yake, hasa kwa kuinuka kitini, lakini si ya kuanza nayo.

Kabla hujamsimamisha, muulize amekunywa dawa saa ngapi. Wengi hutumia levodopa, dawa inayogeuka dopamini ubongoni, iliyochanganywa na kabidopa inayoisaidia kufika huko. Dawa ikishika, anatembea, ikiisha, ananata. Ukimpima Jumatatu dawa ikiwa imeshika na Alhamisi ikiwa imeisha, utaandika kwamba mazoezi yamemrudisha nyuma, na haitakuwa kweli. Basi kila kipimo kiandikwe pamoja na saa ya dawa. Kipimo chenyewe ni chepesi: ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae, nawe uhesabu sekunde. Ila macho yako yasiwe kwenye saa tu. Mtazame anapogeuka. Akigeuka mwili mzima kwa pamoja kwa vijihatua vingi vidogo, hapo ndipo atakapoanguka siku moja.

Muulize pia amekula nini na lini. Protini ya chakula huweza kupunguza nguvu ya levodopa kwa baadhi ya watu, kwa hiyo kawaida hunywewa nusu saa kabla ya chakula au saa moja baadaye. Aliyemeza kidonge pamoja na samaki wa kupaka wa mchana anaweza kukujia alasiri amekakamaa, na kosa si la mazoezi yako. Hapa kwetu tuko karibu na Ikweta, nyakati za sala hazisogei sana mwaka mzima, na karibu kila nyumba inaishi kwa nyakati hizo. Nami hupanga ratiba na familia kwa kuzifuata: dawa kwa saa aliyoandika daktari, mazoezi katika muda ambao dawa imeshika, na wote nyumbani wanajua ni kabla au baada ya sala gani. Kubadilisha kiasi cha dawa si kazi yetu. Kumwandikia daktari kwamba dawa inaisha mapema kuliko ilivyotarajiwa, hiyo ni kazi yetu, na aifanye hata mwanagenzi.

Sasa nenda nyumbani kwake. Ninalisisitiza hili kuliko lolote lingine. Chumba chetu cha mazoezi kina sakafu sawa na mlango mpana. Nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa mji wetu wa kale, haina. Mlango wa kuchonga una mbao mbili, na mara nyingi hufunguliwa ubao mmoja tu. Chini kuna kizingiti cha kuvuka. Unapita daka, kibaraza cha mlangoni, unakata kona, unatokea kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha unapanda kuingia msana, ukumbi unaotazama ua huo. Panapobana, panapogeuka, panapopandwa: pote hapo mguu hunata. Utamwona mtu aliyetembea vizuri mbele yako hospitalini akigota mara kadhaa kati ya kitanda chake na choo. Usiku, taa imezimwa, haja ya haraka imembana, ndipo wengi huanguka. Zaidi ya nusu ya wenye Parkinson huanguka, na wengi wao si mara moja.

Beba utepe wa rangi inayotofautiana na sakafu. Mzee mmoja niliyemtembelea, fundi wa majahazi enzi zake, alikuwa akinata kila mara mlangoni pa choo. Mwanawe alikuwa amefunga kamba ya kushikia, ambayo haikumsaidia, kwa sababu mikono haikuwa na shida. Tulipima hatua yake ndefu aliyoiweza dawa ikiwa imeshika, tukabandika vipande vyekundu sakafuni kwa umbali huo, vimelala kukingama njia, cha mwisho kikiwa ng'ambo ya kizingiti. Nikamwambia asiutazame mlango. Atafute kipande kinachofuata, akikanyage kwa kisigino. Akavuka. Akarudi akavuka tena peke yake, akamwambia mwanawe, "Nakanyaga mstari, sikanyagi mlango." Sijapata maelezo mafupi zaidi ya kumpa mgonjwa mwingine.

Sauti nayo inafanya kazi. Programu ya metronomu kwenye simu inatosha: hesabu hatua zake za kawaida kwa dakika moja, uanzie mdundo huo huo, upandishe kidogo kidogo akizoea. Anayenata sana, au anayekimbizwa na hatua zake, mpunguzie mdundo badala ya kuupandisha. Lakini hapa tuna kilicho bora kuliko simu. Wazee wengi wa kiume wa Amu wamecheza goma wakiwa na bakora mkononi, safu moja, mwili ukiyumba taratibu upande huu na upande ule. Huko kuyumba ndiko kuhamisha uzito tunakokufundisha! Akina mama wanaijua vugo, pembe zinapogongwa na watu wakienda kwa mdundo wake. Mwombe bibi aiimbe mwenyewe akitembea, hata kwa kunong'ona. Uso hubadilika, na hatua hurefuka.

Akinata, ifundishe familia maneno haya kwa mpangilio huu, na yasemwe na mtu mmoja tu, kwa sauti ya utulivu: "Babu, simama. Nyosha mgongo. Egemea kulia, egemea kushoto. Haya, hatua kubwa." Watu watatu wakimwelekeza kwa pamoja, atanata zaidi. Na asivutwe mkono. Mjukuu humvuta kwa mapenzi, kiwiliwili kinakuja mbele, nyayo zimebaki nyuma, na mzee anakwenda chini kifudifudi. Mwonyeshe mjukuu pa kusimama: ubavuni, nyuma kidogo. Mguu wake mwenyewe unaweza kuwa mstari wa kurukwa, akiuweka wayo wake kukingama mbele ya wayo wa babu, akisema, "Vuka mguu wangu." Wajaribu mbele yako wewe ukiwa tayari kumdaka.

Kugeuka afundishwe kwa nafasi: azunguke kwa upinde mpana, asipinde kwenye kisigino kimoja. Kwenye ujia mwembamba usio na nafasi, asimame, ageuke kwa hatua za kuhesabu, wayo mmoja baada ya mwingine. Fremu ya kutembelea usiitoe kwa mazoea. Ile ya kuinua na kuweka huwakatisha wengi mwendo, na yenye magurudumu yasiyo na breki humkimbia anayekimbizwa na hatua. Mjaribishe kwanza kwenye mlango wake mwenyewe.

Kisha mtoe nje. Kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mtu hapiti bila kuamkiwa, na mzee hawezi kuacha shikamoo bila marahaba. Kwa mwenye Parkinson, kujibu salamu huku anatembea ni kazi mbili kwa wakati mmoja, na ya pili huiangusha ya kwanza. Usimfundishe kunyamaza, huko ni kumtoa katika mji wake. Mfundishe kusimama, kushika baraza, kuitikia kwa raha, kisha aanze upya kwa hatua kubwa. Punda wa mizigo akisikika, asogee ukutani mapema, asingoje kuharakishwa. Haraka ni adui yake mkubwa.

Kijijini Shela, ufukweni, maji yakitoka, mchanga ulio karibu na bahari ni mgumu na unahifadhi nyayo. Mtembeze hapo ukipata nafasi. Akigeuka nyuma ataona mwenyewe mahali hatua zilipoanza kufupika, jambo ambalo mdomo wako hauwezi kumshawishi. Chora mistari kwa kijiti, atembee tena kando ya nyayo za mwanzo.

Wa kutoka Mokowe au Faza wanakuja kwa boti, na gati linataka mpango. Wasafiri maji yakiwa yamejaa, chombo kikiwa karibu kulingana na gati. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, yakishatoka ngazi za chini zinakuwa na utelezi. Nahodha aambiwe mapema asubiri bila kelele, mtu mmoja atangulie chomboni, mmoja abaki nyuma ya mgonjwa.

Mambo mawili ya hospitali usiyapite. Mpime presha amelala, kisha amesimama ndani ya dakika 3. Ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mpeleke kwa daktari, kwani huenda kuanguka kwake kunatokana na kizunguzungu na mistari yako haitamsaidia. La pili, soma dawa zake zote. Metoklopramidi ya kichefuchefu na haloperidoli huzuia dopamini na humkakamaza zaidi. Ukiziona kwenye karatasi yake, mpigie daktari siku hiyo hiyo.

Faida ya mistari na mdundo hupungua mazoezi yakiachwa, kwa hiyo usifunge faili. Panga kurudi, uangalie kama utepe bado umebandikwa au umeng'olewa na ufagio. Na Rajabu ikiisha, kabla Shaaban haijaenda mbali, uliza nyumba yenye mgonjwa wamepangaje kuhusu Ramadhani. Levodopa haikatwi ghafla. Kukatwa kwake kunaweza kuleta ukakamavu mkali na homa ya hatari. Familia imwone daktari, izungumze na sheikh wao, na jibu waliloafikiana liandikwe kwenye faili pamoja na saa mpya za dawa, kwa sababu saa zako za mazoezi nazo itabidi zihame.