Dawn of the Croods kwa mtoto aliyeipenda filamu

Mkuu, umeuliza kama mfululizo wa katuni wa Dawn of the Croods unamfaa mtoto wa miaka sita aliyeipenda The Croods, filamu ya familia ya watu wa mapangoni, na mbona haufanani nayo. Sisi nyumbani tuliitazama yote, misimu minne, mimi na binti yangu mkekani, basi nikueleze nilichokiona.

Macho yako hayakudanganyi. Filamu ya 2013 ni ya 3D, unaona hadi nywele za Eep, yule binti, zilivyotimka. Mfululizo huu, ulioanza Netflix Desemba 2015, ni katuni ya kuchora, bapa, yenye rangi kali. Nadhani ni suala la pesa: filamu ile ilikula zaidi ya dola milioni 100, na hapa kuna vipindi 52 vya kujaza. Sauti nazo ni za watu wengine. Kwenye filamu Grug, baba yake Eep, ni Nicolas Cage, huku ni Dan Milano. Binti yangu aligundua dakika ya kwanza: "Huyu siyo Grug, anamuigiza." Kufikia kipindi cha tatu alishazoea.

Ambacho hakukizoea ni kumkosa Guy, yule kijana anayeungana na familia kwenye filamu. Hadithi hii inatangulia filamu, familia bado haijakutana naye. Mwambie mwanao mapema, la sivyo atamsubiri hadi msimu wa mwisho.

Kasoro ninayoiona mimi ni nyingine. Filamu inaanza kwa Eep kusimulia majirani walivyokwisha: hawa wamekanyagwa na mamothi, wale wamemezwa na nyoka wa mchangani, wengine mbu, wengine mafua tu. Ndiyo maana Grug anawafungia wake pangoni, na hofu hiyo ndiyo inayoibeba filamu nzima. Kwenye mfululizo bonde limejaa majirani, kuna shule, Eep na mdogo wake Thunk wana wanafunzi wenzao. Hofu imeyeyuka, umebaki utani wa mambo yanayotokea kwa mara ya kwanza duniani. Mtu mzima atahisi chumvi imepungua. Kwa mtoto wako ni nafuu, maana wangu kwenye filamu alikuwa akijificha nyuma ya mto, huku alikuwa anacheka tu.

Kuhusu yule mdau aliyesema katuni hizi zinawapotosha watoto waamini watu waliishi na dainosaria: lawama hiyo aipeleke kwa The Flintstones ya 1960, ambako Fred anaendesha dainosaria kama winchi kule machimboni. Wanyama wa Croods wengi ni wa kubuni, wamechanganywa makusudi, na mtoto anajua hakuna kitu kama hicho. Hata hivyo wangu aliuliza. Nikamwambia mifupa ya dainosaria ya Tendaguru, kule Lindi, ina miaka kama milioni 150, na nyayo za mababu wa binadamu za Laetoli, kule Ngorongoro, milioni 3.6 na ushee. Akauliza kwa hiyo babu alikuwepo kwenye ipi. Sikuendelea.

Kama Guy ni lazima, tafuta The Croods: Family Tree ya 2021. Hiyo inafuata filamu ya pili, ile ya 2020, ni ya 3D, na familia ya Betterman, wanayokutana nayo kwenye filamu hiyo ya pili, imo. Ila aanze na filamu ya pili kwanza, la sivyo atakuuliza hao wenye nyumba ni akina nani.