Muulize Fundi: Raba za vioo, zing'olewe kabla ya rangi au zizibwe na tepu?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mlango wangu wa dereva umechunwa, mkwaruzo umeanzia kwenye kitasa ukapanda mpaka kwenye ule ukanda mweusi unaolala chini ya kioo kwa nje. Fundi rangi anasema hamna haja ya kuutoa, anauziba na tepu na gari nachukua leo leo jioni. Jirani yangu anasema nisikubali kabisa. Nimsikilize nani hapo? – *Mwenye mlango uliochunwa*

JIBU: Msikilize jirani. Fundi wako hakudanganyi kwamba inawezekana, na siku ya kuchukua gari utaliona linang'aa vizuri tu, shida inakuja baadaye. Rangi iliyozibwa na tepu inaishia palepale raba, yaani huo ukanda mweusi, inapogusa bati, na chini ya ile raba msasa haukufika, kwahiyo ukingo wa rangi mpya umekalia rangi ya zamani yenye nta na uchafu wa miaka, haijashika chochote. Halafu mara nyingi klia, ile rangi ya mwisho ya kung'arisha isiyo na rangi, inakuwa imeunganisha bati na raba, sasa raba inacheza kila ukifunga mlango, bati halichezi, lazima pale katikati papasuke. Pakishapasuka maji yanaingia chini ya rangi, na ukipitisha mashine ya kuoshea yenye presha hapo unaona gamba linanyanyuka. Ukikuta gari linamenyuka rangi kuanzia pembeni mwa vioo, mara nyingi chanzo ndo hicho.

Sasa kuutoa sio kazi ya kutisha, ila ina utaratibu wake. Shusha kioo chote mpaka chini. Fungua mlango uangalie kwenye ubavu wake, upande wa kitasa, pale mwisho wa ukanda: magari mengi yana skrubu moja hapo, ya nyota au ya msalaba, na mara nyingine imejificha nyuma ya raba ya mlango, hiyo unaivuta kidogo kwa kidole unaiona. Watu wengi wanavunja ukanda kwasababu hawakuiona hiyo skrubu, wanavuta tu kwa nguvu wakidhani umegoma. Ncha ya mbele nayo kwenye magari mengi imeingia chini ya saiti mira, kwahiyo mira inatoka kwanza. Ndani ya mlango kwenye kona kuna kibao cha plastiki cha pembetatu, kinabanduka kwa mkono, nyuma yake utakuta nati, mara nyingi tatu za spana namba 10, na plagi ya umeme kama mira yako ni ya umeme. Nati ya mwisho ikiwa inatoka uwe umeishika mira kwa mkono mwingine, isije ikaning'inia kwa waya ikakuchuna mlango upya. Na ziba tundu lililo chini na kitambaa, nati ikidumbukia ndani ya mlango utaitafuta mpaka uchoke.

Bandika tepu ya karatasi kwenye bati chini ya ukanda, tabaka mbili, hata kama panaenda kupakwa rangi, maana hutaki kuongeza denti. Tumia kijiti cha plastiki cha kubandulia, bisibisi iache kwenye boksi. Anzia nyuma, inua kuelekea juu kidogo, sogea kiganja kimoja mbele, inua tena, hivyo hivyo mpaka mwisho halafu urudie. Usishike ncha moja ukavuta kama unachomoa mkanda wa suruali! Ndani ya ile raba kuna bati jembamba, na likishakunjika halinyooki tena likarudi lilivyokuwa, utalirudisha na litaacha uwazi kwenye kioo. Zile zenye ukanda wa kung'aa juu ndo mbaya zaidi maana hata mkunjo mdogo unaonekana ukiwa mbali. Kama raba imekauka au kuna baridi, ipashe moto na draya ya nywele huku unaisogeza sogeza, ikilainika inatoka bila kelele.

Kitu kingine, ukishaitoa usishangae kukuta kutu pale kwenye mdomo wa bati. Uchafu unakaa hapo miaka, maji hayakauki vizuri. Fundi akikwambia kazi imeongezeka mwelewe, hiyo kutu inabidi ikwanguliwe mpaka bati safi lionekane kisha ipigwe praima ya kuzuia kutu, na ingefichwa na tepu usingeijua mpaka ianze kuvimba.

SWALI: Mi raba zangu zilikuwa ngumu kama mti, nikazipulizia ile dawa ya silikoni ya kulainishia ili zitoke kirahisi. Zimetoka poa. Kesho gari linaingia kwenye rangi, kuna ubaya? – *Mpenda kujifanyia*

JIBU: Upo, na mwambie fundi leo kabla hajagusa msasa. Silikoni ni adui mkubwa wa rangi. Ikibaki hata kidogo kwenye bati, rangi inapopulizwa inaikimbia, unapata vishimo vidogo vidogo vya duara uso mzima, na dawa yake mara nyingi ni kusubiri ikauke, kupiga msasa upya na kurudia. Na ukipiga msasa kabla ya kusafisha ndo unaisukumia ndani ya mikwaruzo. Safisha kwanza na dawa ya kutoa mafuta ile wanayotumia mafundi rangi kabla ya kupaka, kwa vitambaa viwili, kimoja kimeloa cha kupakia na kingine kikavu cha kufutia kabla haijakauka yenyewe, badilisha vitambaa mara kwa mara. Fanya hivyo eneo pana, sio pale tu ulipopulizia, maana ile dawa inasambaa hewani. Hata polishi za kung'arisha dashibodi na matairi nyingi zina silikoni, kwahiyo wiki ya rangi zipumzishe. Siku nyingine raba ikigoma tumia maji ya sabuni au joto.

SWALI: Klipu za ukanda wa kwenye paa zimevunjika nne wakati wa kutoa. Naweza kurudisha kwa gundi? – *Msomaji wa kila toleo*

JIBU: Hapana dada. Nunua klipu. Nyingi zimetengenezwa kutumika mara moja tu, hata ambazo hazijavunjika zinakuwa zimelegea, na ukanda wa paa ukichomoka kwenye mwendo unampiga mtu aliye nyuma yako. Gundi inakuharibia na rangi mpya siku utakapotaka kuutoa tena. Wanaosoma hapa ambao bado hawajaanza: agizeni klipu kwanza, ndo mguse gari, na pigeni picha zilivyokaa.

SWALI: Kioo cha mbele nacho kina raba kuzunguka, na rangi yangu ya paa imechakaa mpaka pale. Nivute hiyo raba kama za milangoni? – *Paa limechoka*

JIBU: Hapo acha mkono wako mfukoni. Kioo cha mbele kwenye magari ya siku hizi kimegandishwa kwenye bodi kwa gundi maalum, na raba yake mara nyingi imeshikana na kioo au imekanyagwa na gundi hiyo hiyo. Ukivuta inakatika, na ukichokonoa na kisu unaweza kukata gundi au kukwaruza bati ambalo litaota kutu chini ya kioo. Hicho kioo sio cha kuzuia upepo tu, kinasaidia paa lisibonyee gari likipinduka, na kwenye magari mengi airbag ya abiria ikifumuka inakiegemea. Ama umwite fundi wa vioo akitoe na kukirudisha kwa gundi mpya, hiyo ndo kazi kamili, ama fundi rangi aingize kamba laini ya plastiki chini ya mdomo wa raba kuzunguka kioo ili uinuke, msasa na rangi vipite chini yake kidogo. Njia ya kamba sio sawa na kutoa kioo lakini kwa paa lililopauka bila kutu mi naona inatosha kabisa. Ukiona rangi imevimba pembeni ya kioo basi kamba haisaidii, kioo kitoke.

SWALI: Rangi imeshapigwa jana, fundi kaniambia nisubiri kurudisha raba. Nisubiri mpaka lini, na gari naweza kulitembeza hivyo hivyo? – *Nina haraka*

JIBU: Inategemea hadina (ile dawa inayochanganywa na rangi ili ikomae na kuwa ngumu) iliyotumika na hali ya hewa, kwahiyo muulize aliyechanganya. Rangi ya hadina kwa kawaida inaweza kuguswa kesho yake lakini kukomaa kabisa ni wiki kadhaa, na raba inabana palepale kwenye ukingo, ukiirudisha mapema inaacha alama. Akisema siku tatu mpe tatu. Kulitembeza unaweza, maji hayatakuumiza sana kwasababu milango ina matundu ya kutolea maji chini, hata ukanda ukiwepo maji huwa yanaingia. Usishushe kioo tu, vumbi na punje za mchanga zitaingia nacho na kukichora. Siku ya kurudisha futa uchafu wote kwenye raba, ipangilie juu ya mdomo wa bati kutoka ncha moja, kandamiza kwa kiganja mpaka usikie inakamata, nyundo hapana. Rudisha skrubu, rudisha mira, kisha pandisha kioo. Ukisikia mluzi barabarani au ukiona kioo kinabaki na mstari wa maji kikishuka, kuna sehemu haijakaa, ikandamize tena hapo hapo.