Maswali Yenu Kuhusu Mishipa Inayoulisha Ubongo

Damu hufika ubongoni kupitia mishipa mingapi?

Minne. Ateri mbili za karotidi hupanda mbele ya shingo, kulia na kushoto. Mbili za vetebra hupita nyuma, katika matundu ya pingili za shingo, kisha huungana chini ya ubongo na kuwa ateri moja, basila. Ubongo ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, na akiba hauna. Damu ikikatika kabisa, fahamu hupotea ndani ya sekunde 10 hivi.

Nimesoma kwamba mishipa hiyo imeunganishwa kwa duara. Mmoja ukiziba, si mingine itafidia? Kiharusi kinatoka wapi basi?

Hili ndilo ninalotamani kila mtu alielewe. Duara la Willis, lenye jina la daktari Mwingereza Thomas Willis aliyelieleza mwaka 1664, liko chini ya ubongo. Karotidi ikisongwa na mafuta polepole kwa miaka mingi, damu huweza kuzunguka kutoka upande wa pili. Wapo wanaoishi na karotidi moja iliyoziba kabisa bila kujua. Lakini kwa watu wengi duara hilo si kamili: kiungo kimoja ni chembamba mno, au hakipo.

Tena msaada wake una mpaka. Damu ikishalivuka duara hilo, kila ateri hushika eneo lake. Matawi hukutana juu ya uso wa ubongo, ila kwa vijishipa vyembamba, hivyo donge la damu likinasa ghafla, mara nyingi damu ya jirani haitoshi. Vijishipa vinavyozama ndani kabisa ya ubongo havina hata huyo jirani, na ndivyo vijishipa ambavyo shinikizo la juu la damu huvidhoofisha hadi vikaziba au kupasuka.

Baba alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea na maneno yakapotea, lakini mguu una nguvu kiasi. Inakuwaje?

Poleni sana. Dalili hizo huelekeza kwenye ateri ya kati ya ubongo, upande wa kushoto, ingawa picha ya kichwa ndiyo huthibitisha. Nusu ya kushoto huongoza upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi lugha nayo iko huko. Ateri hiyo hulisha ubavu wa ubongo, panapoongozwa uso, mkono na usemi. Mguu huongozwa na sehemu iliyo karibu na mstari wa kati, inayolishwa na ateri ya mbele. Huenda baba anaelewa mengi kuliko anayoweza kutamka, kwa hiyo zungumzeni naye na mmpe muda wa kujibu.

Damu iliyotumika hutoka ubongoni kupitia wapi?

Vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, huimimina katika mifereji iliyo ndani ya utando mgumu unaofunika ubongo, kisha hushuka kwa vena za shingoni. Donge huweza kuziba huko pia. Mama aliyejifungua karibuni akiumwa kichwa kwa namna inayozidi siku hadi siku, apelekwe hospitali.