Ukiandika DNS kwenye resolv.conf na kesho haipo

Ndugu, unasema seva za DNS (zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP) ulizoandika kwenye /etc/resolv.conf ya Linux zinafanya kazi vizuri, ila ukizima na kuwasha mashine zimefutika. Hujakosea kuandika. Faili hilo lina mwenyewe: programu nyingine inayoliandika upya.

Kwanza tuhakikishe ugonjwa ni DNS: `ping 1.1.1.1`. Ikijibu huku majina ya tovuti yakigoma, ni DNS kweli. Kimya? Tazama `ip route` kama kuna mstari wa default (njia ya kutokea nje ya mtandao wako) kabla ya kugusa kingine.

Kisha `ls -l /etc/resolv.conf`. Mshale ukielekea /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf, mwenye faili ni systemd-resolved (huduma ya mfumo inayotafuta majina), na ile 127.0.0.53 utakayoikuta ndani ni yake, usiifute.

Kama miunganisho inasimamiwa na NetworkManager (programu ya kusimamia mtandao), mpe yeye maagizo; badala ya JINA weka jina la muunganisho utakaloliona kwenye amri ya kwanza:

`nmcli connection show`
`nmcli connection modify "JINA" ipv4.dns "1.1.1.1 9.9.9.9" ipv4.ignore-auto-dns yes`
`nmcli connection up "JINA"`

Hapo kwenye ignore-auto-dns ndipo wengi huteleza: bila hicho kipande, seva zinazoletwa na ruta kwa DHCP (njia ya kugawa mipangilio ya mtandao yenyewe) zitaendelea kuchanganyika na zako. IPv6 ina mipangilio yake, ipv6.dns na ipv6.ignore-auto-dns, nayo usiiache.

Utaambiwa ulifunge faili kwa `chattr +i`, lisiweze kubadilishwa. Niliwahi kufanya hivyo, nikasahau, na miezi baadaye nikahangaika jioni nzima kwa kosa langu mwenyewe. Wala usirundike seva sita humo. Glibc, maktaba ya mfumo ambayo programu nyingi hutumia kutafuta majina, husoma 3 za kwanza tu.

Ukimaliza, kama unatumia systemd-resolved, `resolvectl status` itakuonyesha seva zinazotumika.