Wananisikiliza mpaka mwisho, ila grupu limekufa

SWALI: Shikamoo anti. Mimi mdada wa Tabata, nina podikasti inayoongelea maisha ya sisi wapangaji hapa Dar, yaani kodi ya miezi sita, madalali, luku ya kushea, wenye nyumba wanaofunga geti saa nne usiku. Nimeanza mwaka jana na sa hivi kila kipindi kinasikilizwa na watu kama 800, na wanasikiliza mpaka mwisho maana naona kwenye takwimu. Nikafungua grupu la WhatsApp, wakaingia 300 na ushee, wiki ya kwanza moto kweli, baada ya hapo ni picha za maua za asubuhi njema, linki za mikeka ya kubeti na matangazo ya viwanja Kigamboni. Nikiuliza kitu wanajibu wawili watatu, walewale. Nifanyeje wawe watu wa kuongea na kusaidiana? Mpangaji mwenzenu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera, watu 800 kukuachia masikio yao mpaka dakika ya mwisho sio jambo dogo kabisa.

Ngoja nikusimulie kitu. Baba yangu mdogo alikuwa mtu wa salamu. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam ulikuwa unanunua kadi za salamu, unajaza jina lako na mahali ulipo, majina ya unaowasalimia, chini unaweka kaujumbe, alafu unatuma. Yeye alikuwa nazo kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, zimeandikwa kwa wino wa bluu, na ujumbe wake ulikuwa huohuo kila kadi, "Tukumbukane tungali hai". Sasa wale aliokuwa anawasalimia wengi wao hakuwahi kuwaona kwa macho, mmoja wa Kilosa, mwingine wa Korogwe, majina yao kayasikia redioni tu, lakini kwa kuyasikia kila wiki wakaanza kuandikiana barua, wakawa na klabu, wakawa wanachangiana kwenye shida na raha, na siku alipofariki walikuja msibani kwetu Temeke watu ambao ukoo mzima hatukuwajua, wana daftari lao la rambirambi kabisa. Mtangazaji hakuwahi kuwahutubia waungane. Alikuwa anasoma majina yao kwa sauti, siku baada ya siku, wakajuana.

Hicho ndo kinachokosekana kwako. Watu wako 300 kila mmoja anakujua wewe, ila hakuna anayemjua mwenzake, na ukiuliza "jamani mnaonaje suala la kodi?" umeuliza swali kubwa mno, mtu yuko kwenye mwendokasi amesimama mkono mmoja kwenye bomba ataanzia wapi kukujibu. Uliza kitu ambacho jibu lake analo chumbani kwake. "Mwenye nyumba wako anataka kodi ya miezi mingapi, na uko mtaa gani?" Basi. Hapo mtu anaandika "sita, Mbagala" na ameshaingia kwenye maongezi, mwingine anashangaa mbona mimi Kimara ananidai mwaka mzima, wa tatu anaeleza alivyoongea na wake mpaka akakubali miezi mitatu, na hao watatu sasa wanaongea wenyewe wewe umekaa pembeni.

Alafu, na hapa ndo nakusihi usifanye uvivu, majibu yale yarudi kwenye kipindi. Omba voisi ya sekunde 30, iweke mwanzoni kabisa kabla hata hujajitambulisha, sema "huyu ni dada wa Gongo la Mboto". Mtu akijisikia kwenye kipindi atamtumia mama yake, shoga zake na wafanyakazi wenzake, na wiki ijayo atarudi kusikiliza kama kuna aliyemjibu. Muombe ruhusa kwanza, kila mara, maana sauti ya mtu ni mali yake na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo ni ustaarabu tu.

Kuhusu grupu lenyewe mimi ningeanza upya. Wachukue hao wanaojibu kila siku, hata kama ni watatu tu, waombe muanze nao kagrupu kadogo na kila mmoja mpe kazi, mmoja anakaribisha wageni kwa jina, mmoja anakusanya maswali ya kipindi kijacho, mmoja anafuta linki za mikeka zikiingia bila kumuonea mtu haya. Likishika ndo unafungua mlango taratibu. Mtu mwenye kazi haondoki kirahisi, waulize kina mama wa vikoba.

Na kuna jambo wengi hawaliongelei. Kwenye grupu la WhatsApp namba za simu zinaonekana. Mdada anaandika tu "natafuta chumba Sinza" jioni wanaume watatu wako inboksi kwake na hakuna mwenye chumba, kuanzia hapo anakaa kimya, na wewe unadhani hapendi kuchangia. Weka sheria siku ya kwanza kwamba hakuna kumfuata mtu inboksi bila kumuomba hapohapo kwenye grupu, anayevunja anatolewa siku hiyohiyo. Ukiona bado wana wasiwasi hamia Telegram, kule mtu anaweza kuficha namba yake.

Sheria ya pili, hakuna kutaja jina la mwenye nyumba au dalali. Najua watu wana machungu, lakini tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na taarifa za uongo zinaweza kumponza aliyeandika, na wewe huna namna ya kuhakiki kila kisa. Waeleze tatizo na mtaa, jina wabaki nalo.

Bando pia. Asiyesikia kipindi hawezi kukichangia. Rekodi zako kama ni maongezi tu bila muziki zitoe kwa mono, yaani sauti ya njia moja badala ya mbili za stereo, ya kilobiti 64 kwa sekunde, kipindi cha nusu saa kitakuwa kama MB 14 na nusu, ukitumia 128 inakuwa mara mbili yake na kwenye sikio la simu ya kawaida maongezi hayana tofauti ya maana.

Mkishafika miezi mitatu hivi, waite Jumapili Coco Beach, kila mtu na hela yake ya mihogo. Wakija wanane wapokee wanane hao kwa furaha yote.

SWALI: Anti habari, nina podikasti ya mpira, sasa wananishauri nifungue chaneli ya WhatsApp badala ya grupu. Kijana wa Kigamboni.

JIBU: Salama mwanangu. Chaneli, zile zilizokuja 2023, imetengenezwa wewe utangaze na wao wapokee, wafuasi hawaonani namba na hawawezi kupiga stori wenyewe kwa wenyewe. Ni nzuri sana kuwaambia kipindi kimetoka. Lakini mpira bila ubishi ni nini? Ubishi peleka kwenye grupu, linabeba mpaka watu 1,024 japo mia tu wanatosha kukunyima usingizi siku ya Simba na Yanga, kwa hiyo tafuta maadmini wawili, mmoja wa kila upande, na uwachague kabla ya mechi.