Mpigaji wa kriketi, jina lako lisiposomwa rudi ukapige

"Kocha, shikamoo. Jina langu halikutoka tena kwenye orodha ya waliochaguliwa. Niache kriketi nitafute kazi, au nihamie Dar?"

Ujumbe huu umetoka kwa kijana wa Sengerema mwenye miaka 17. Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa kwa sababu wapigaji wengi wa huku Kanda ya Ziwa wananiuliza swali hilohilo, na wote mnataka kitu kimoja: kuvaa jezi ya taifa. Nami nilikitaka.

Uchungu wako naujua. Nilipokuwa na umri kama wako niliitwa kwenye mchujo. Tulitoka Mwanza kwa basi usiku, begi la pedi za kukinga miguu nimelipakata njia nzima kwa sababu kondakta alitaka kulitoza kama mzigo. Kwenye mechi ya kwanza nilivuka mikimbio 50, yaani alama 50, na mizunguko ya kurusha mpira ilipoisha nilikuwa bado nimesimama katikati ya uwanja, hawajanitoa. Jioni majina yakasomwa. Aliyesoma hakuinua macho kwenye karatasi, na langu halikuwemo. Nilipouliza nikaambiwa, "Nyie wa mikoani tutawaita wakati mwingine." Hawakuniita. Sitasema nimesahau, maana sijasahau, na nikikutana na mtu anayedharau mchezaji kwa sababu ametoka mbali, damu bado inanichemka.

Ila mikimbio ile hakuna aliyeweza kuifuta. Iliandikwa kwenye kitabu cha matokeo, jina langu liko mbele yake. Ndiyo maana nakwambia: orodha ni ya wenyewe, mikimbio ni yako. Shughulika na kilicho chako.

Mwangalie Yashasvi Jaiswal wa India. Alitoka Bhadohi, Uttar Pradesh, akaenda Mumbai akiwa mtoto kutafuta kriketi. Alikuwa analala kwenye duka la maziwa, akafukuzwa kwa sababu alikuwa anachoka na mazoezi na kazi haifanyiki. Akahamia kwenye hema la watunza uwanja pale Azad Maidan, jioni anauza pani puri, kitafunwa cha Kihindi, barabarani ili ale. Hadithi hiyo vijana mnaipenda, mnaisambaza, mnalia. Sehemu mnayoiruka ni ile inayofuata: alipiga, akapiga, akapiga tena. Kombe la Dunia la chini ya miaka 19 mwaka 2020 alimaliza na mikimbio 400 akawa mchezaji bora wa mashindano, ingawa India ilifungwa na Bangladesh kwenye fainali. Alipopata mechi yake ya kwanza ya siku tano na timu ya wakubwa, Julai 2023 kule Dominica dhidi ya West Indies, alipiga 171. Alikabili mipira 387 kuipata. Soma tena namba hiyo ya mwisho, mdogo wangu: ndivyo alivyokaa katikati muda mrefu.

Najua mtaniambia habari za Vaibhav Suryavanshi, yule Mhindi aliyefikisha mikimbio mia kwa mipira 35 kwenye IPL, ligi kubwa ya India, Aprili 2025, akiwa na miaka 14. Video yake mmenitumia kila mmoja kwa wakati wake. Ni kipaji cha ajabu na nafurahi nikimwona. Ila mnaona sita zikiruka, ile mipira inayovuka mpaka wa uwanja bila kudunda, hamwoni miguu yake wala kichwa chake kilivyotulia mpira unapofika. Halafu mnakuja mazoezini mnataka kupiga sita mpira wa kwanza, miti ya wiketi, ile mitatu iliyosimama nyuma yenu, inalia na mmetolewa, mnarudi kukaa kivulini mkilaumu wachaguzi.

Na ukitolewa na sifuri, bila mkimbio hata mmoja? Novemba 2024 kule Perth, Jaiswal huyohuyo alitolewa na sifuri zamu ya kwanza mbele ya Australia, dunia nzima ikimtazama. Zamu ya pili akapiga 161. Uwanja uleule, warushaji walewale. Sifuri inauma kwa jioni moja. Kesho yake una zamu nyingine, na wajibu wako ni kukaa pale muda mrefu.

Hujaniambia unafanyaje mazoezi, kwa hiyo nakwambia ninavyowafanyisha vijana wangu. Chukua mpira wa tenisi, uzungushie utepe mweusi wa fundi umeme, uutie ndani ya soksi. Soksi ifunge kwa uzi wa nyavu, ule mnene wanaotumia wavuvi, uining'inize kwenye tawi la mwembe ifike usawa wa goti. Usipige na kibao kizima cha kriketi. Tafuta mti mwembamba unaolingana na unene wa mti wa wiketi, upige nao. Mpira unarudi kwa kupinda, kila mara njia tofauti. Kiwiko cha mbele kikae juu, kichwa kiwe juu ya mpira, macho yaufuate mpaka uguse mti. Don Bradman, mpigaji nguli wa zamani, alijifunza hivyohivyo utotoni kule Bowral, Australia, na mti wa wiketi na mpira wa gofu akiudundisha kwenye msingi wa tangi la maji. Wastani wake wa mikimbio kwenye mechi za siku tano za kimataifa ulifika 99.94. Hakuwa na kocha wala mashine.

Kuhusu Dar: viwanja viko kule, Gymkhana na Chuo Kikuu, na mechi ni nyingi kuliko huku. Siku moja utalazimika kwenda. Nenda ukiwa na pa kulala, na klabu iliyokwisha kukuona ukipiga. Mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walishinda mashindano ya kufuzu ya Afrika kule Nigeria, Tanzania ikaingia Kombe la Dunia la vijana kwa mara ya kwanza. Mlango uko wazi kuliko enzi zangu. Nataka mtoto wa ziwa aupite akiwa na daftari limejaa mikimbio, ili wa kumwambia "wakati mwingine" aone aibu.

Na shule usiache. Wazazi wako wakikataa mazoezi ya siku za shule, watii.

Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi liko wazi, kwa hiyo habari ya kusubiri kivuko imekwisha. Njoo Jumamosi mapema, jua halijawa kali, na maji, kofia na hilo daftari. Utapiga baada ya wakubwa wote, na hutatoka katikati mpaka nikwambie utoke.